Mzee Hezekiah, Mwenye Habari za Maji

Alhamisi hii, tarehe 21 Mei, Bwana Hezekiah Nyakundi anaweka chini mkasi, uzi na manyoya, na kustaafu baada ya miaka ishirini na tatu ya kazi katika duka la zana za uvuvi la Bwana Hilal, kwanza hapa Ruwais, Jeddah, kisha katika tawi letu la Riyadh. Ijumaa asubuhi atapanda ndege kurudi kwao Borabu, kwa mkewe Damaris, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akimwona mumewe kwa likizo tu. Kwa hiyo ukimkuta Mzee anatabasamu peke yake wiki hii, usidhani amechanganyikiwa. Anahesabu siku.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Nusra wa kaunta ya Ruwais, kwa sababu Bwana Hilal anasema ndimi mwenye maneno mengi kuliko wote dukani. Sikubisha. Nimekunywa chai na Mzee huyu kwa miaka, chai yake ile ya maziwa inayochemshwa mpaka inakasirika, na nina ya kusema.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawajawahi kuvua nasi, kwanza nieleze anachokifanya. Uvuvi wake si wa nyavu wala wa chambo cha dagaa. Ndoana ndogo huvishwa nyuzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu, kisha hurushwa kwa fimbo nyepesi na mshipi mzito ili itue juu ya maji taratibu, kama mdudu aliyeteleza kwenye jani. Dukani ndoana hizo tunaziita nzi, na hakuna aliyezifunga nyingi kuliko Mzee Hezekiah. Alijifunza ujanani, kwenye kambi moja ya wavuvi katikati ya mashamba ya chai ya Kericho, ambako mto ni wa baridi hata miguu inakufa ganzi, na kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni wakavue trauti. Bwana Hilal alikuwa mmoja wa wageni hao. Alikwenda Kenya kutembea, akavua siku mbili na Mzee, na kwa kuwa nyumbani kwa akina Hilal Kiswahili hakijawahi kutoka tangu walipoondoka Unguja mwaka 1964, wawili hao walizungumza mpaka wageni wengine wakalala. Miezi michache baadaye Mzee alikuwa Jeddah, ana ikama, kibali cha ukaazi, mfukoni na hajui bahari inaanzia wapi.

Bahari ilimpa taabu. Siku ya kwanza alipelekwa ufukweni Al-Hamra awaonyeshe wateja namna ya kurusha mshipi. Alisahau kwamba mtoni kwao nyuma ya mvuvi hakuna kitu ila majani ya chai. Akarudisha fimbo nyuma kwa madaha, akaipeleka mbele kwa madaha zaidi, na wateja wakaona shemagi jekundu, kitambaa cha kichwani, likipita juu ya vichwa vyao na kutua majini. Mwenye shemagi alikuwa Bwana Murad, aliyekuwa akipita zake na kikombe cha kahawa, hana hili wala lile. Mzee hakujua hata neno moja la Kiarabu, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili huku akivuta lile shemagi kama samaki. Bwana Murad, ambaye mama yake ni mtu wa Malindi ya Unguja, akamjibu kwa Kiswahili hicho hicho kwamba ikiwa amekuja kuvua vilemba vya watu, basi mji huu utamtajirisha. Tangu siku hiyo wamekuwa marafiki wa kufa na kupona. Bwana Murad amenunua kwetu fimbo nyingi kuliko anavyoweza kuzibeba, na kila anaposimama ufukweni na Mzee huvua shemagi lake kwanza na kulitia ndani ya gari.

Kidogo kidogo Mzee aliizoea bahari. Alijifunza kwamba mwanzo wa kiangazi, Aprili na Mei, kabla jua halijaanza kutukaanga, samaki aina ya mwatiko husogea kwenye maji ya kina kifupi kaskazini ya mji, na kwamba kikande akichimbua mchanga mkia wake hutokeza juu ya maji na kukuonyesha alipo. Alijifunza kwamba lazima uwe majini alfajiri, kwa kuwa upepo ukishaamka kabla ya adhuhuri hutaona kitu, utarudi nyumbani na chumvi kwenye nyusi tu. Wateja walianza kupiga simu dukani Alhamisi kuuliza kesho kukoje. Simu zikawa nyingi hata sikuweza kuuza. Ndipo Mzee akaanza desturi yake: kila Alhamisi, baada ya sala ya magharibi, anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wavuvi wetu wa Ijumaa. Humo mna watoto wa Unguja wa Jeddah na Riyadh, mna madereva na walinzi wa Kikenya. Anaanza kwa salamu, anasema maji yakoje, samaki wako wapi, nzi gani wafunge. Tunauita ujumbe huo hali ya maji. Bwana Hilal huutafsiri kwa Kiarabu kwa wateja wengine, akiongeza chumvi yake.

Labda mtu atauliza kwa nini ni Ijumaa peke yake. Duka letu lina kalenda yake. Ijumaa kabla ya sala ya mchana ni wakati wa kuvua, kisha Waislamu wanakwenda msikitini. Jumamosi Mzee ni Msabato, hashiki fimbo wala mkasi, hata ukimletea samaki anayezungumza. Siku nyingine ni za kazi. Kwa hiyo sote tuna asubuhi moja katika wiki, nayo katika msimu huu wa kuingia kiangazi ndiyo asubuhi duka linajaa kuliko zote, kwa kuwa wateja wanapitia nzi wao njiani. Mzee huwa nyuma ya meza akiwafungia. Miaka yote hiyo mwanzo wa kiangazi umemkuta akiwaandaa wengine waende kuvua. Naomba msomaji alishike hilo.

Tawi la Riyadh lilipofunguliwa, Bwana Hilal alimpeleka Mzee kulianzisha. Sisi wa Jeddah tulilia, tukafikiri ataona nini huko, jangwa tupu. Kumbe alifurahi. Riyadh kuna mto. Si mto wa mlimani. Ni maji yaliyotumika mjini, yakasafishwa, yakaachiwa Wadi Hanifa, nayo yanateremka kusini kati ya mitende na mikunazi hadi kwenye mabwawa ya Al-Hair. Lakini yanakwenda, yana matete, yana perege na kambare, na Mzee aliponipigia simu siku ya kwanza alisema amesikia maji yakipita juu ya mawe na moyo wake umetulia.

Moyo ulitulia, ila kichwa kilikuwa bado Kericho. Mwanzo wa kiangazi chake cha kwanza huko ilipiga mvua kubwa ya mawe. Mzee akatuma hali ya maji kwa uhakika wote: mto utachafuka, subirini siku mbili maji yatulie, kisha nendeni kule juu, samaki watakuwa na njaa. Ndivyo inavyokuwa kwao. Wateja wakasubiri siku mbili, wakabeba fimbo na mandi ya kula, wakaenda kule juu alikowaelekeza, wakakuta mchanga mkavu na mbuzi watatu. Mvua ya Riyadh inapita, haikai. Walimtumia picha ya wale mbuzi, mmoja kati yao wamemwekea fimbo kwenye pembe. Mzee aliibandika picha ile ukutani dukani, na mpaka leo iko pale.

Baada ya hapo alianza kuuliza maji yanatoka wapi. Jibu lilikuwa rahisi: yanatoka majumbani. Basi, akasema, kama yanatoka majumbani, atawauliza walioko majumbani. Akawapigia akina dada wa Kenya wanaofanya kazi za ndani, aliowafahamu kupitia chama chao cha kuchangiana. Wao ndio wanaojua ni siku gani mazulia yanafuliwa na ua unaoshwa, na ni lini madam anafunga nyumba na kupeleka watoto Taif kwenye baridi. Majumba yakijaa, Mzee alidai, mto unajaa. Majumba yakifungwa, mto unapungua na kupata joto haraka. Mimi sina ushahidi wa jambo hili na sijui kama wenye kusimamia maji wangelikubali. Ninachojua ni kwamba Alhamisi zilianza kuwa na simu za ajabu. Dada mmoja anapiga kusema bibi mkubwa amepata wageni kutoka Dammam, magari manne, na Mzee anaandika kwamba maji yatapanda. Alikuwa mkali kwa jambo moja: majina ya wenye nyumba hakutaka kuyasikia. Alitaka kujua maji tu.

Miongoni mwa dada hao alikuwa Velma, mzaliwa wa Kakamega, aliyelea watoto watatu wa familia moja ya Riyadh. Velma hakuridhika na kupiga simu. Siku yake ya mapumziko alikuja dukani kuuliza hizo habari zake zinafanyiwa nini. Mzee akamwonyesha nzi. Akakaa mpaka duka likafungwa. Watoto wale walipokua, kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, alimruhusu aje kusaidia kwetu, na siku hizi vidole vyake vinafunga nzi mwembamba kuliko wa Mzee mwenyewe, jambo ambalo Mzee hulisema kwa fahari na mimi hulisema ili kumchokoza. Mzee hupima joto la maji kwa kipimajoto cha kioo kilichofungwa kwenye kamba. Velma hutia kiwiko kwanza, kama alivyokuwa akipima maji ya kumwogesha mtoto, kisha ndipo anaangalia kipimajoto kinasemaje. Wameshabishana mara nyingi kuhusu kiwiko hicho.

Nzi aliyempatia Mzee jina ni nzi wa kunazi. Mabwawani Al-Hair anaishi samaki mkubwa wa magamba ya rangi ya shaba, ambaye Waarabu humwita mabruk. Ni mwoga, ni mwerevu, na nzi wa kawaida anamtazama kama mtu anayetazama bei kisha anaondoka. Mzee aligundua kwamba majira ya kunazi kuanguka mabruk hukaa chini ya mikunazi iliyoinamia maji na kuzila moja moja. Akaomba manyoya ya ngamia kwa mchungaji mmoja sokoni, akayaviringisha kwenye ndoana mpaka yakawa kama kunazi iliyoiva. Mabruk wakawa wanaingia. Kila Ijumaa jioni picha zilifurika: fulani amempata, fulani kampata mkubwa zaidi, wote kwa nzi wa Mzee. Mzee mwenyewe, kwa kuwa Ijumaa hizo huwa yuko nyuma ya meza, hajawahi kumshika mabruk hata mmoja. Alinitajia jambo hilo mara moja tu, kwa mzaha, kwamba yeye ni mpishi wa harusi anayelala na njaa. Nilicheka, lakini sikulisahau, na nilimwambia Bwana Murad.

Kabla ya kufika huko, lazima niseme juu ya kanuni ya Mzee, kwa kuwa bila hiyo habari hii haina maana. Sisi hatuchukui samaki. Tunamshika, tunamshukuru, tunamrudisha. Lakini maji yakipungua na kupata joto, hewa humo huwa kidogo, na samaki aliyepigana na mshipi hata ukimrudisha hafiki mbali. Anageuka tumbo juu ukiwa umeshaondoka na huna habari. Maji ya namna hiyo Mzee husema yamechoka, na maji yaliyochoka havuliwi. Mwaka wa kwanza aliposema hivyo katika hali ya maji, tena wiki ambayo Bwana Hilal alikuwa ametoka kuleta shehena ya fimbo, Bwana Hilal alimuuliza ni duka gani hili linalomwambia mteja akae nyumbani. Mzee akamjibu kwa adabu kwamba ni duka ambalo mteja akiambiwa nenda, anajua kweli aende. Bwana Hilal alinuna siku nzima, kisha akaagiza chai. Hakumuuliza tena.

Basi mwaka huu, ilipojulikana kwamba Mzee anastaafu, swali lilikuwa nani atatoa hali ya maji. Mzee alimtaja Velma. Wateja hawakupinga, ila hawakufurahi pia. Wengine walisema msichana ni mpya, wengine waliona haya kusema wanachofikiri. Bwana Hilal alitoa uamuzi wake waziwazi: Velma atatoa hali ya maji mwezi huu wote wa Mei, Mzee akiwa bado yupo. Wateja wakimwamini, duka litahamisha kafala yake, yaani udhamini wa kuishi nchini, liichukue lenyewe, na kazi itakuwa yake. Wasipomwamini, desturi itakwisha Mzee akiondoka, na Velma atatafuta nyumba nyingine ya kufanya kazi. Velma alisema tu sawa bosi, akarudi kwenye manyoya yake.

Wiki mbili za kwanza maji yalikuwa mazuri na kazi ilikuwa nyepesi. Kila mtu anapenda mwenye habari njema.

Huku nyuma Bwana Murad alikuwa ameshapanga shani yake. Ijumaa ya tarehe 15 Mei, ya mwisho kwa Mzee kuwepo nchini, duka lingefungwa Jeddah na Riyadh, jambo ambalo halijawahi kutokea katika msimu. Sote tungekwenda Al-Hair alfajiri, na Mzee angesimama chini ya mkunazi na nzi wake mwenyewe, amvue mabruk wake. Bwana Murad alikodi hema, akaagiza mwana-kondoo, akampa Mzee fimbo mpya iliyochongwa jina lake kwenye mshikio. Mzee aliipokea, akapitisha kidole juu ya lile jina. Kisha alisema amefunga nzi wengi wa kunazi lakini sasa inambidi afunge mmoja mzuri. Alifunga wanne, akatupa watatu. Sisi wa Jeddah tulifika Riyadh Alhamisi mchana na mabegi yetu, na Bwana Murad akiimba.

Lakini mwaka huu likizo ya Hija imeanguka mwisho wa Mei, na wenye nafasi hawakuisubiri. Wiki nzima majumba yalikuwa yanafungwa, wengine wamekwenda Taif, wengine Abha. Joto nalo likaja kabla ya wakati wake. Alhamisi hiyo alasiri Velma alichukua gari la duka na dereva, akaenda Al-Hair kutazama. Aliporudi hakutuangalia usoni. Alikwenda stoo, akafunga mlango, na baada ya magharibi simu zetu zote zikalia pamoja. Naunakili ujumbe wake kama ulivyo:

"Hamjambo wote. Ni Velma wa Riyadh. Maji ya Al-Hair imeshuka sana na iko na joto mbaya. Nimeweka kiwiko nikatoa. Mabruk wako juu, mtawaona wanafungua mdomo, lakini hiyo si njaa, wanatafuta hewa. Maji imechoka. Kesho hatuvui. Halas. Mzee Heze, pole sana, ningekuwa na njia ningesema ingine."

Nilikuwa nimeketi karibu na Bwana Murad. Uso wake uliiva. Alisema huyu msichana hana moyo, mtu amefanya kazi umri wake wote na anaomba asubuhi moja, si angesema tu maji ni ya wastani, kila mtu ajiamulie. Kundini maneno yakaanza. Mmoja alisema apimwe upya, mwingine alisema Mzee mwenyewe atoe hali ya maji, yeye bado hajastaafu. Bwana Hilal alisoma yote na kuiweka simu kifudifudi, naye akifanya hivyo ujue anapima mtu. Sote tulijua kilichokuwa hapo. Mzee akisema neno moja, twende, tungekwenda, na hakuna ambaye angemlaumu. Na neno la Velma lingekuwa limekufa siku hiyo hiyo, na kazi yake pamoja nalo.

Mzee aliusikiliza ujumbe mara mbili. Kisha akaomba radhi, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya duka. Sikumfuata. Aliporudi alichukua simu na kujibu kundini kwa sauti ile ile anayotumia kila Alhamisi: kwamba amesikia, kwamba hali ya maji imeshatolewa na mwenye kazi hiyo, na kwamba kesho chakula kiko pale pale, ila fimbo zibaki nyumbani.

Tulikwenda. Mwana-kondoo alikuwa ameshachinjwa, na Mungu hapendi israfu. Velma hakuja. Alisema ana ndoana za kupanga, ndoana ambazo zilikuwa zimepangwa tangu juzi. Tulitandika mikeka chini ya mikunazi, jua likatoka, na kweli maji yalikuwa yamerudi nyuma hata mizizi imebaki wazi. Mabruk walikuwa pale. Mmoja alikuja karibu kabisa na ukingo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akawa anafungua mdomo na kuufunga juu ya maji, hatua chache kutoka alipoketi Mzee na kikombe chake. Asubuhi yoyote nyingine angekuwa wake kwa mrusho mmoja.

Bwana Murad, ambaye kumbe ile fimbo mpya ya Mzee alikuwa ameileta ndani ya gari, aliinama karibu na Mzee. Alidhani sisikii. "Mmoja tu, Hezekiah. Nani ataona?"

Niliutazama uso wa Mzee wakati ule, na sitaki kuupamba. Alimtaka yule samaki. Alimtaka kama mtu anavyotaka kitu ambacho hatakipata tena, na macho yalimjaa maji.

"Velma ameshasema," alijibu.

Akamnyooshea Bwana Murad sahani ya nyama. Wakakaa wote wawili wanamtazama samaki mpaka akarudi kwenye kivuli. Tulirudi mjini kabla ya sala. Mzee alipitia dukani, akamkuta Velma kwenye meza, akampa chakula alichokuwa amemwekea na kumwambia kwamba kipimajoto chake kimekubaliana na kiwiko. Velma alilia. Mimi pia, ingawa nilisema ni vumbi.

Jumapili Bwana Murad aliandika kundini mwenyewe, bila kuombwa na mtu. Alisema kwamba akiwa mkweli alikwenda Al-Hair na fimbo garini, kwamba wale samaki, wangevuliwa, wasingefika jioni, na kwamba kuanzia sasa yeye hasogezi gari lake mpaka amsikie binti wa Kakamega. Baada yake wengine wakaandika yao. Jumatatu Bwana Hilal alipeleka karatasi za Velma kuhamisha kafala. Jibu limekuja jana. Leo hii, baada ya sherehe, hali ya maji itatolewa kama kawaida, na wa Jeddah nasikia mna bahati, kikande wameonekana.

Mzee Hezekiah, kwa niaba ya wenzako wa Ruwais na wa Riyadh, asante. Asante kwa nzi, kwa mbuzi watatu, kwa chai iliyokasirika, na kwa kutufundisha kumwambia mteja ukweli hata wiki ya shehena. Tunajua unaondoka bila yule uliyemngoja, na tunajua kwa nini, na hakuna mmoja wetu atakayekusahau kwa hilo. Msalimie sana Damaris, mwambie tumekutunza tulivyoweza na sasa ni zamu yake. Kaa naye, mle pamoja, mzeeke pamoja. Mungu akupe afya na maisha ya raha nyumbani kwako.

Fimbo yenye jina lako Bwana Murad ameniomba niiweke ukutani Riyadh, haijatiwa maji bado. Tiketi yako ya kuja kuitumia ameshaahidi kuinunua. Nasi hatukutoi kwenye kundi letu. Siku majumba yatakapojaa na maji yatakapopumzika, Velma atakuambia njoo.